Viti Thelathini na Viwili

Kiti chenyewe ni cha plastiki. Zamani kilikuwa cheupe, siku hizi huwezi kusema ni rangi gani. Mguu mmoja umeshonwa kwa waya, na nyuma ya mgongo wake, ukifuta vumbi, bado unaiona namba saba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ya geti. Nilikikuta nyuma ya ghala, wiki tuliyompoteza baba, nilipokuwa natafuta viti vya kukalisha waombolezaji. Nikakivuta, nikakifuta kwa kanga, nikaiona ile saba, nikakaa chini palepale kwenye maganda ya mbaazi. Mdogo wangu akadhani ni uchungu wa baba umenishika. Nikamwacha adhani hivyo, maana kueleza kungechukua siku nzima, na watu walikuwa wanaingia.

Sasa naeleza.

Wa rika langu mtanielewa nikisema lile Kombe la Dunia la huku kwetu. Lilichezwa mbali, kusini huko, lakini jinsi tulivyolibeba sisi watu wa Bonga ungedhani uwanja uko pale Babati mjini, nyuma ya stendi. Watu wazima walishangilia nchi ambazo wasingeweza kuzionyesha kwenye ramani. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alitufundisha kutoa na kujumlisha kwa magoli, na kwa mara ya kwanza hata wale wa nyuma wakapata vema. Ilikuwa majira ya baridi, upepo wa Juni ule unaoingia mpaka kwenye mifupa, mahindi yameshavunwa, watu wana nafasi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja. Upande wetu wa Bonga televisheni ilikuwa moja tu, na mwenye televisheni alikuwa ametengwa.

Kutengwa si kununiwa. Kununiwa kunapita, mtu anakuletea sahani ya maharage mnacheka yanaisha. Lakini wazee wakikutenga husalimiwi, hupewi moto wala maji, huli na mtu, na ukifiwa unazika mwenyewe. Siyo wewe peke yako, ni nyumba yako nzima, pamoja na mtoto wako na mama yako.

Mtengwa wetu alikuwa Baba Elia, jirani wa ukuta kwa ukuta, dereva wa lori la mahindi kwenye barabara ya Dodoma. Kosa lake lilihusu babu yangu. Babu alipofariki, kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe kwenda kuchimba kaburi. Ndivyo ilivyo kwetu mpaka leo, hata uwe mwalimu mkuu utashika jembe. Baba Elia alikuwa na mzigo wa kupeleka siku hiyo. Akaona asikose, akaleta vibarua wawili. Walikuja wamevaa ovaroli, wakachimba vizuri kuliko wote, pembe zimenyooka, kisha wakanawa miguu na kuuliza, mbele ya jeneza, kama kuna kaburi lingine.

Baba Elia aliporudi safari alishangaa kabisa kuambiwa amekosa.

"Nimeleta wawili badala ya mmoja," alisema. "Mlitaka nini zaidi?"

Wazee walitaka mikono yake. Wakamwambia atoe ng'ombe na aje aombe radhi. Akacheka. Nadhani kile kicheko ndicho kilichomponza kuliko vibarua.

Aliyeumia zaidi ni baba yangu. Kwanza kaburi lilikuwa la baba yake mzazi. Pili, Baba Elia alikuwa rafiki yake tangu wanachunga ndama. Ujanani walicheza timu moja ya Bonga, baba winga wa kulia na jezi namba saba, Baba Elia akimtafuta kwa pasi ndefu. Mama alikuwa anasema hao wawili ilikuwa ukimwita mmoja wanaitika wote. Kwa miaka miwili baada ya kaburi la babu walikuwa wakipishana njiani bila hata kukohoa.

Basi Kombe la Dunia likawadia, na kwa Baba Elia kuna televisheni, dishi la bati na jenereta. Wazee wakakaa kikao. Mkubwa wao alikuwa Mzee Bura, ambaye, na marehemu anisamehe, alikuwa anaupenda mpira kuliko mbuzi wake. Kikao kilichukua mchana mzima. Jioni akatoka na uamuzi, na sisi watoto tuliokuwa tunachungulia tuliusikia wote.

"Tulikataza salamu, moto, maji na chakula," alisema. "Televisheni hatukuikataza, maana siku ile haikuwepo. Mtu akitaka kuangalia, aangalie. Mwezi ukiwa juu ya nyumba yake, si tunauangalia? Ila asimwamkie, asinywe maji yake, na asikalie kiti chake."

Ndiyo maana tulibeba viti. Siku ya kwanza, saa kumi na moja jioni, ungetuona tunaingia kwa Baba Elia bila hodi, kila mtu na chake kichwani. Wengine walileta benchi la kanisani, wengine gogo. Baba alibeba kiti chake cha plastiki, kipya kabisa, alichokiandika saba kwa mabaki ya rangi ya geti ili kisije kikachanganywa. Mimi nilibeba kigoda changu cha jikoni. Baba Elia alikuwa ameshaitoa televisheni barazani na kuiweka juu ya meza yenye kitambaa. Hakuna aliyemsalimia. Akazunguka nyuma ya jiko, akavuta kamba ya jenereta, moshi wa petroli ukatanda uani, kisha akaja akapindua ndoo nyuma kabisa ya watu wote, akaketi kwenye uwanja wake mwenyewe kama aliyechelewa.

Mimi nilikuwa mfupi, watu wazima walinizibia. Nikasogea pembeni hadi kwenye mlango wa nyumba, nikaweka kigoda changu, na hapo nikaona nimeketi karibu na miguu ya mtu. Alikuwa mama yake Baba Elia. Alikuwa mzee sana, macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, amejifunga blanketi mpaka kidevuni, na mdomo wangu, Mungu anajua kwa nini, ukasema wenyewe:

"Shikamoo Bibi."

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Nilijua nimevunja katazo la wazee, na nilikuwa na umri wa miaka tisa tu.

Bibi alipapasa mpaka akanipata bega. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake kilichotembea na lugha ya nyumbani ndani yake, "Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Baba Martina."

"Umenisalimia. Watakuchapa."

"Sijui, Bibi."

"Basi tusiwaambie."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa msimulizi wa Bibi. Mpira ulianza, na zile tarumbeta za plastiki zikaanza kulia kule uwanjani, zile zilizotutoboa masikio mwezi mzima. Bibi akageuza kichwa.

"Wana nyuki?"

"Siyo nyuki, Bibi. Wanapuliza tarumbeta."

"Wanapulizia nini?"

"Wanafurahi."

Akakubali, ingawa nadhani mpaka anakufa hakuamini kama siyo nyuki. Nikamweleza kuwa wako kumi na mmoja huku na kumi na mmoja kule, wanagombea mpira mmoja. Hilo halikumgusa. Alichotaka kujua kilikuwa kingine.

"Hapa uani wamekuja wangapi?"

Watu walikuwa wanasimama na kukaa, hawahesabiki. Nikahesabu viti. "Kumi na vinne, Bibi."

"Ni wachache," akasema.

"Wanazidi timu moja," nikamwambia, nikidhani namfariji.

"Wachache," akarudia.

Kila siku ya mpira ikawa hivyo. Nikishaweka tu kigoda, kabla sijamwambia nani anacheza, ananiuliza wangapi. Nikamwona ni mtu wa ajabu. Nilifikiri macho yakishaisha mtu anaanza kupenda hesabu. Nilifikiri pia anapenda mpira kuliko sisi wote, kwa sababu idadi ikipanda alikuwa anachangamka, anatoa mkono kwenye blanketi na kunishika goti. Kumi na tisa. Ishirini na vitatu. Ishirini na sita. Na kila mara aliongeza swali la pili na la tatu.

"Baba yako yupo?"

"Yupo. Amekaa mbele."

"Na mwanangu?"

"Nyuma, kwenye ndoo."

"Bado yuko kwenye ndoo," anasema, na mimi narudi kwenye mpira wangu.

Halafu ikaja siku ile timu ya mwisho ya Afrika ilipofunga goli la kutupeleka mbele. Mnaikumbuka. Nchi nyingine zote za kwetu zilikuwa zimeshatolewa, imebaki hiyo jezi moja tu, na kufikia hapo haikuwa timu ya watu wa Afrika Magharibi tena, ilikuwa ya Bonga. Nakumbuka vumbi lilivyopanda. Nakumbuka Mzee Bura akirusha kofia na isirudi. Watu walikuwa wanajitupa kwa mtu yeyote aliye karibu, na katika vurugu ile nikamwona baba yangu, mtu asiyeinua sauti hata ng'ombe akila shamba, anakimbia kurudi nyuma, anaruka benchi, anamkumbatia Baba Elia na kumnyanyua juu ya ndoo. Walizunguka. Miguu ya Baba Elia haikugusa chini. Walikuwa wanapiga kelele kila mmoja usoni kwa mwenzake kama vijana wa jezi, na baba alikuwa analia.

Nilipigwa na butwaa. Nilisimama mdomo wazi mpaka Bibi akanivuta gauni.

"Kuna nini? Mwanangu yuko wapi?"

"Amekumbatiwa na baba."

Bibi akanivuta tena.

"Bibi, baba amemkumbatia Baba Elia!"

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanifanya niseme mara ya tatu. Alikuwa anacheka bila meno, na mimi nikaelewa kwamba yameisha. Nilielewa hivyo kwa akili yangu ya miaka tisa: watu wakikumbatiana yamekwisha, hakuna tena kutengwa, wazee watatangaza kesho au kesho kutwa.

Na kweli mambo yalibadilika. Baada ya siku ile watu walichoka kubeba viti kwenda na kurudi. Mmoja akaacha chake, kesho yake wakaacha kumi, mwisho uani kwa Baba Elia viti vikawa vinalala pale pale, vimepangwa safu, vinasubiri mpira. Kuna waliomsemesha. Hawakumsalimia kwa jina, lakini walisema "ongeza sauti hiyo," na yeye akaongeza. Jioni moja nilihesabu mara mbili nisikosee.

"Thelathini na viwili, Bibi."

Alivuta pumzi ndefu. "Watu thelathini na wawili," akasema. "Watatosha."

Nikahesabu kichwani, timu mbili ni ishirini na wawili, wanabaki kumi wa akiba. Nikamwambia ndiyo, watatosha kabisa.

Bibi alifariki alfajiri, siku mbili kabla ya fainali. Niliamshwa na vilio vya upande wa pili wa ukuta. Baba alikuwa ameshaamka, amesimama uani kwetu na Mzee Bura, wanaongea chini chini. Sikusikia walichosema. Mzee Bura akatoka kwenda nyumba ya pili, na ya tatu. Nikajua anawajulisha watu msiba.

Jua lilipotoka wanaume wakaanza kuelekea kwa Baba Elia. Niliwaona kupitia uwazi wa ukuta, mmoja mmoja, kimya, mikono mitupu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nalia kwa ajili ya Bibi na huku nafurahi, kwa sababu wote walikuwa wanakuja, na hawakuwa wamebeba viti kwa vile viti vyao viko kule kule, vimeshapangwa. Nikawaza, ona, hata msiba umekuta viti tayari. Baba alipotoka nikamfuata bila kuambiwa.

Mtu wa kwanza aliingia, akatafuta kiti chake kwenye safu, akakinyanyua, akaweka kichwani, akatoka.

Sikuelewa. Nilidhani anakisogeza. Wa pili akachukua chake, akatoka. Wa tatu. Wawili wakaja kwa ajili ya benchi. Hakuna aliyesema pole. Vilio vya Mama Elia, mke wa Baba Elia, vilikuwa vinatoka mlangoni, pale pale nilipokuwa naweka kigoda changu, na watu walikuwa wanapita chini ya vilio vile wakitafuta alama kwenye viti vyao, hiki siyo, hiki ndicho, wanabeba. Baba Elia alikuwa amesimama barazani, macho mekundu. Benchi liliponasa kwenye geti, akashuka, akashika upande mmoja na kuwasaidia kulitoa.

Nimeona mambo mengi tangu siku ile, na yako yaliyonishtua. Lakini sijapata kuona kitu kama mtu aliyefiwa na mama yake akiwasaidia watu kubeba benchi lao ili wasimzikie.

Baadaye ndipo nilipoambiwa alichokuwa anakieleza Mzee Bura alfajiri ile. Mpira ni mpira, alisema, lakini huu ni msiba, na msiba umo kwenye katazo. Kiti chako kikikutwa msibani, basi wewe umekaa msibani, na nyumba yako itatengwa pamoja naye.

Baba alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya kiti namba saba muda mrefu. Safu zilikuwa zimeisha, kimebaki hicho peke yake katikati ya ua mtupu, na vishimo vya miguu ya viti vingine kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nyuma yake, namwambia kimoyomoyo, kaa. Kaa baba. Nilikuwa na hakika atakaa, maana nilimwona kwa macho yangu akilia kifuani kwa mtu huyu, wiki mbili hazijapita.

Akakinyanyua.

Alikuwa ameshafika kwenye geti Baba Elia alipomwita. "Baba Martina."

Baba akasimama, hakugeuka.

"Usisahau na kigoda cha mtoto."

Alikuwa amekitoa mlangoni kwa mama yake. Alikifuta kwa kiganja, kisha akaja akaninyooshea mimi, kwa sababu baba alikuwa bado hajageuka. Nikakipokea kwa mikono miwili. Sikumwambia pole. Nimewahi kujiambia nilikuwa mtoto, sikujua, lakini nilijua.

Nyumbani, mama alikuwa mlangoni. Aliangalia kiti kichwani kwa baba, akaangalia kigoda mikononi mwangu, akaninyang'anya kile kigoda.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Msibani."

"Ukikaa kule umetutia wote kwenye katazo."

"Mimi sikukaa kikao na mtu," mama akasema. "Mimi niliolewa tu hapa." Akajifunga kanga, akaweka kigoda kichwani mchana kweupe ili kila nyumba ione, akatoka. Baba hakumzuia. Alibaki ameshika kiti chake, na mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya na mwili wangu, nikamfuata mama.

Mama aliketi kwenye kile kigoda mpaka jioni, magoti yamefika kidevuni, mtu mzima kwenye kigoda cha mtoto, akiwa amemshika mkono Mama Elia. Wanaume walichimba. Ardhi ya Bonga mwezi wa saba ni ngumu ajabu. Walichimba Baba Elia, wanawe wawili na madereva wenzake wawili waliotoka Babati mjini waliposikia. Kaburi la babu lilichimbwa na watu wengi likaisha asubuhi. Hili liliwachukua mpaka jua linazama, na mikono ya Baba Elia ilikuwa inatoka damu. Katekista alipoanza kusoma, mimi, kwa mazoea tu, nikaanza kuhesabu. Baba Elia na Mama Elia, wana wawili, madereva wawili, katekista, mama, mimi.

Tisa. Nikageuka kumwambia Bibi.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakihesabu mwezi mzima. Hakujali goli hata moja. Alikuwa anajua hana muda, na kila jioni alikuwa anahesabu watu wa kumzika. Na mimi nilimwambia thelathini na wawili. Nilimwambia watatosha. Nilianza kulia kwa sauti iliyowatisha watu, nikimwambia mama nimemdanganya Bibi, nimemdanganya, na mama hakuelewa mpaka nilipomsimulia yote usiku kitandani, naye akalia.

Hatukutengwa, lakini tulitozwa mbuzi kwa sababu ya kigoda. Baba alimtoa bila neno. Siku ya fainali watu walikwenda na viti vyao mjini kutafuta pa kuangalia, wakarudi wanaimba. Baba hakwenda. Alikuwa ameshakitupa kiti namba saba nyuma ya ghala, na hakukikalia tena maisha yake yote, wala hakuangalia mpira tena. Makombe mengine yalikuja, televisheni zikaingia kila nyumba, mdogo wangu akiwasha baba anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Mwaka uliofuata Baba Elia alitoa ng'ombe wa wazee. Wakala uani kwake, safari hii wamekalia viti vyake, wakasema yamekwisha. Baba alikula kipande kimoja akasema jino linamuuma. Kutoka hapo walisalimiana kila siku, shwari, habari za asubuhi, habari za ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia geti la mwenzake.

Siku hizi naishi Dodoma. Mashindano yakianza, ofisini wanavaa jezi, wanasema hakuna kitu kinachounganisha watu kama mpira. Siwabishii. Niliona kwa macho yangu ukiwaunganisha, na baba yangu akiwemo. Ila wakianza kukumbatiana mwili wangu unapoa, nakuta nimeanza kuhesabu viti.

Asubuhi ya kaburi la baba niliamka kabla ya wote. Jua lilikuwa bado halijatoka nyuma ya mlima wa Kwaraa. Nilikuwa nafagia ua, nimeshakitoa kile kiti, geti likalia. Akaingia mzee, amevaa mabuti ya mpira, jembe begani. Sikumjua kwanza. Hatukuwa tumemtumia taarifa. Nani angethubutu, baada ya msiba wa mama yake?

"Shikamoo Baba Elia."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

Nikasogeza kiti, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Akakiangalia, akakizungusha, akapitisha kidole juu ya saba.

"Kumbe alikiweka," akasema.

"Kaa, baba. Wengine bado hawajafika."

"Nikikaa sitainuka." Akavuta pumzi. "Elia kanipigia simu toka Arusha. Anasema, baba wewe mzee, ngoja nikutumie vijana wawili wakuchimbie. Nimemwambia hapana. Safari hii naenda mwenyewe. Nionyeshe mahali."

Nikamwonyesha, nyuma ya migomba, karibu na babu. Akavua koti, akalitundika, akatemea viganja mate. Niliporudi uani nilikuwa nasikia jembe lake, moja moja, polepole.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya mlango. Macho yake na yeye yameanza kuisha.

"Nani amekuja?"

"Baba Elia. Amekuja na jembe."

Mama akalisikiliza jembe.

"Na wengine?"

"Bado, mama. Yuko peke yake."

"Anatosha," akasema.